Mikono ya Musa Ilipochoka

Masomo: Kutoka 17:8–16, Kutoka 18:13–27, 1 Wafalme 19:1–8



Tunawasalimu ninyi wote mnaotusikiliza kwa redio, na ninyi mtakaosoma karatasi hii nyumbani: wa Likasi, wa Kikula, wa Panda, wa Shituru, na ndugu zetu wa Kambove. Tunawasalimu mliolala hospitalini na redio ndogo kando ya kitanda. Na leo tunasalimu kwa namna ya pekee wale wanaotoka gade asubuhi hii, waliokesha na wagonjwa wetu wakati sisi tumelala: mama infirmie, baba infirmie, wakunga, madaktari, watu wa maabara, na yule mama anayepiga deki damu ambayo sisi hatutaki hata kuitazama.

Tuanze kwa kuungama. Kosa letu tulilifanya mbele ya watu wote, mikrofoni mkononi. Kwa hiyo tutalirudisha mbele ya watu wote, mikrofoni mkononi.

Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, mama mmoja alisimama kumshukuru Mungu. Mtoto wake alikuwa na malaria kali, amelazwa, akapona. Tukapiga vigelegele. Kisha mama akaeleza usiku ule ulivyokuwa. Saa nane za usiku serumu ya mtoto iliisha, damu ikaanza kurudi kwenye mpira. Akamtafuta infirmie, akamkuta amelala, kichwa juu ya meza. Akamwamsha. Yule infirmie akamwambia kwa ukali, "Mama, unanisumbua, hauko peke yako hapa." Na sindano ya pili ya malaria, ambayo huja saa 12 baada ya ile ya kwanza, ilikuwa imepita saa zake bila mtu kukumbuka.

Kanisa lote likasema "Ooooh!" Nasi tukachukua mikrofoni. Tukasema mengi. Tukakemea roho ya ugumu wa moyo katika hospitali zetu. Tukasema watu hao wameuza huruma yao kwa franka. Watu wakasema Amina kwa nguvu, nasi tukaona upako umeshuka.

Hatukujua kwamba yule infirmie alikuwa ndani ya kanisa. Alikuwa katika korali, mstari wa pili, na kitambaa chake cha bluu. Alisikia neno moja baada ya lingine. Wimbo uliofuata ulipoanza, alitoka kwa mlango wa nyuma.

Zikapita wiki tisa hatujamwona. Ndipo mama mchungaji akasema, "Twende kwake." Tukaenda. Tulimkuta anasonga bukari kwa watoto wake. Alitupa viti, akatupa maji, akatuheshimu kama kawaida. Tukamwuliza habari za usiku ule, naye hakukana. Alisema, "Baba mchungaji, ni kweli nililala, na ni kweli nilimjibu mama yule vibaya. Ilikuwa gade yangu ya tatu mfululizo, kwa sababu mwenzangu aliugua na hakuna wa kumwekea mahali pake. Nilikuwa peke yangu na watoto 23 kwa vitanda 14. Jioni ile wawili walikuwa wamekwisha kufa."

Akanyamaza, akageuza bukari. Kisha akasema neno ambalo limetunyima usingizi mpaka leo: "Kinachonitisha si kusinzia. Zamani mtoto akifa, nilikuwa nalia chooni, halafu nanawa uso, narudi kazini. Siku hizi silii tena. Mtoto akifa, ninaangalia saa."

Wapendwa, fungueni Biblia zenu katika Kutoka sura ya 17.

Waamaleki wanakuja kupigana na Israeli kule Refidimu. Yoshua anashuka bondeni na watu wa vita. Musa anapanda kilimani na fimbo ya Mungu mkononi. Na Neno linatuonyesha jambo la ajabu: Musa akiinua mkono, Israeli wanashinda, akiushusha, Amaleki wanashinda. Mara nyingi tumehubiri habari hii tukisema juu ya maombi, na ni vema. Lakini leo tuangalie mstari wa 12, ule tunaoupita haraka. Pale imeandikwa kwamba mikono ya Musa ikawa mizito.

Jambo la kwanza: mikono ya mtumishi wa Mungu huchoka.

Huyu ni Musa, aliyesimama mbele ya Farao na kupita katikati ya bahari. Fimbo ni ya Mungu, wito ni wa Mungu, kilima ni mahali pa maombi, na hata hivyo mikono imechoka. Biblia haisemi Musa alifanya dhambi, wala kwamba pepo la uvivu lilimwingia. Haruni hakumkemea, na Huri hakumwambia, "Mtu wa Mungu, omba zaidi." Alikuwa anaomba tayari! Alikuwa amechoka katika kazi ile ile ambayo Mungu alimpa.

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani, ile OMS, lilieleza uchovu huu wa kazi katika orodha yake ya magonjwa na mambo yanayogusa afya. Halikuuita ugonjwa. Liliuita hali inayotokana na mzigo wa kazi uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Likataja alama tatu. Ya kwanza, nguvu zinakwisha, hata ukilala unaamka umechoka. Ya pili, moyo unajitenga na kazi, unaanza kuidharau, mgonjwa anakuwa mzigo na si mtu tena. Ya tatu, kazi uliyoijua vizuri haitoki tena vizuri mikononi mwako.

Dada yetu hajasoma orodha ile. Lakini aliposema "silii tena, ninaangalia saa," alisema alama ya pili kwa maneno yake mwenyewe. Na sisi tuliuita uchovu huo roho ya ugumu wa moyo, mbele ya kanisa zima.

Jambo la pili: mikono ikianguka kilimani, watu wanakufa bondeni.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hatusemi habari hizi ili kuwaonea watu huruma tu. Mikono ya Musa iliposhuka, si Musa aliyechomwa upanga. Ni vijana wa Yoshua kule chini, ambao pengine hawakujua kinachotokea kilimani. Waliona tu kwamba vita imegeuka.

Ndivyo ilivyo wodini. Dawa ya malaria kali hupimwa kwa kilo za mtoto, na kila sindano ina saa yake. Mtu aliyekesha siku tatu anahesabu vibaya. Anasoma fishi ya kitanda cha nne akiwa mbele ya kitanda cha tano. Anasahau kunawa mikono kati ya mtoto na mtoto. Asubuhi anamwachia mwenzake wodi bila kumweleza vizuri nani ameongezewa damu na nani bado anangoja. Na mama mjamzito aliyejibiwa kwa ukali mara moja, mimba ya pili hatarudi. Atazalia nyumbani, au atakuja kutafuta maombi kwetu wakati damu tayari inatoka. Yule aliyechoka yuko kilimani, lakini anayelipa yuko bondeni.

Kwa hiyo mama aliyeshuhudia hakusema uongo. Mtoto wake angeweza kufa. Hasira yake ina haki yake, nasi hatutaizima kwa mahubiri. Kosa letu ni kwamba tuliangalia mkono ulioanguka, tukaupiga, wala hatukuuliza kwa nini umeanguka.

Basi tuulize. Wazee wa mji huu wanakumbuka wakati mfanyakazi wa Gécamines akiugua, yeye, mke na watoto, wanaingia hospitali ya kampuni bila kuuliza bei. Ikaja miaka ya 1990, shaba ikaanguka, mishahara ikakaa miezi bila kutoka. Mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni walitoka kazini katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na hakuna mtaa wa Likasi ambao haukuguswa. Familia nyingi zilipoteza mshahara na matibabu siku moja. Tangu hapo wengi wetu tunanunua kila kitu, kuanzia fishi mpaka glavu.

Na yule anayetutibu? Katika nchi yetu wako watumishi wa afya wanaopata mshahara wa serikali. Wako wanaopata tu primu ya hatari. Na wako ambao miaka inapita jina lao halijaingia kwenye orodha ya malipo. Hao wanaishi kwa mgawo wa pesa tunazolipa sisi wagonjwa. Juma lenye wagonjwa maskini ni juma ambalo infirmie naye anarudi nyumbani mikono mitupu. Mgonjwa hana, muuguzi hana, na wawili hao wanakutana saa nane za usiku, kila mmoja anafikiri mwenzake ndiye adui.

Na bado wanakwenda kazini. Mwaka wa 1995 Ebola iliingia Kikwit. Watu 315 waliugua, na karibu robo yao walikuwa watumishi wa afya. Walipata ugonjwa kwa sababu waliwagusa wagonjwa ambao wengine waliwakimbia. Katika Ebola ya mashariki, iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, waliendelea kutibu huku vituo vikishambuliwa; pale Butembo, mwezi wa Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi akiwa hospitalini kazini. Watu hawa hawakuuza huruma yao kwa franka. Tulisema hivyo, na tulikosa.

Jambo la tatu: jiwe, na ndugu wawili.

Haruni na Huri walifanya nini? Kwanza walitafuta jiwe, wakaliweka chini ya Musa, akaketi. Ndipo wakaishika mikono yake, mmoja upande huu, mmoja upande ule, mpaka jua likatua. Walimpa kiti kwanza! Sisi tungeanza na kuwekea mikono na mafuta. Wao walianza na kiti.

Someni pia 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anaomba kufa. Mungu hakumtumia mahubiri. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale. Akamwamsha akala tena. Sauti ile ya upole ilikuja baadaye, mwili ulipokwisha kupata chakula chake.

Sasa kanisa letu lilimpa nini dada yetu? Tulirudi nyumbani tukahesabu, na hesabu ilituaibisha. Juma lile la gade tatu, korali ilimwita mazoezi mara mbili, na alipokosa alitozwa faini. Ijumaa alitakiwa kwenye kesha. Akitoka kazini alipita nyumba tatu za washirika kupiga sindano bila malipo, kwa sababu "ni dada yetu katika Bwana." Na nyumba ya tatu, wapendwa, ilikuwa yetu. Alikuja kupima tansio ya mama yetu mzazi. Tulimpa asante na maombi, wala hatukumwuliza kama amelala. Yeye alikuwa ameinua mikono, nasi tukaning'inia juu yake.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wameketi, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Anayetoka gade haitwi kwenye kesha wala mazoezi siku ile, na hakuna faini. Usingizi wake ni utumishi wake. Anayetaka infirmie aje nyumbani, amlipe, au walau amlipie pikipiki na kumwekea sahani. Na kila Jumamosi jioni idara ya akina mama itapeleka chakula kwa wanaolinda wodi usiku, si kwa wagonjwa tu. Ni kidogo. Hata lile jiwe la Musa lilikuwa jiwe tu.

Nanyi mnaolinda wagonjwa wenu, jifunzeni kuwa Haruni. Mchana, mwulize infirmie, "Serumu hii itaisha saa ngapi?" Uandike. Sindano ya pili ni saa ngapi? Uandike. Saa ikifika, mwamshe kwa heshima: "Mama, samahani, saa imefika." Usingoje kosa ili upate la kusimulia. Na mkono wa mtu usiinuliwe kumpiga muuguzi, hata katika msiba.

Jambo la nne: Yethro.

Geuzeni ukurasa mmoja tu. Sura ya 18, baba mkwe anakuja, anamwona Musa ameketi peke yake toka asubuhi mpaka jioni na watu wamejipanga. Anamwambia wazi kwamba jambo hilo si jema, kwamba atajichosha yeye pamoja na watu. Angalieni: yeye na watu! Yethro alijua kwamba kiongozi akichakaa, wanaohudumiwa nao wanachakaa. Kisha akaleta mpango: watu waaminifu wachaguliwe, kazi igawanywe.

Jiwe linasaidia siku moja. Vita ya kila siku inahitaji mpango wa Yethro. Infirmie mmoja kwa watoto 23 si jambo la kukemea kwa jina la Yesu tu. Ni jambo la kupeleka mbele ya wakubwa kwa jina la Yesu. Katika kila eneo la afya kuna kamati ya wakaaji, ile CODESA, na mara nyingi makanisa yana kiti pale. Sisi wachungaji tumekuwa tukiacha kiti kile kitupu, au tunakwenda kufungua mkutano kwa sala na kuondoka. Tangu sasa tutabaki mpaka mwisho. Tutauliza: usiku wako wangapi? Nani hajaandikwa kwenye orodha ya malipo? Mwenzao akiugua, nani anachukua gade yake? Nasi washirika, tulipe madeni yetu ya matibabu. Tukitoroka hospitali usiku kisha Jumapili tukashuhudia uponyaji, tumeiba sahani ya mtu.

Neno kwa ninyi watumishi wa afya. Tumewatetea, na sasa mtuvumilie tuwaambie ukweli. Uchovu unaeleza mengi, lakini hauhalalishi yote. Kuuza dawa ya mgonjwa mmoja kwa mwingine si uchovu. Kudai matabisho kabla ya kumgusa mama anayetokwa na damu si uchovu. Hayo ni dhambi, na damu ya Yesu inaosha anayetubu. Lakini wewe ambaye moyo wako umekauka bila kutaka, usijifiche. Musa aliketi juu ya jiwe mbele ya watu, hakuona haya. Mwambie mkubwa wako, mwambie mwenzako, uje utuambie sisi, kabla mikono haijaanguka. Na ukifika mahali ambapo unatamani kufa kama Eliya, usilale usiku huo peke yako. Mwite mtu.

Tumalizie pale tulipoanzia. Tulimwomba yule mama wa ushuhuda aje nyumbani kwetu, na dada naye aje. Walikaa muda mrefu bila kuzungumza. Dada akaomba radhi. Mama hakujibu mara moja. Kisha akauliza, "Usiku ule ulipolala, nani alikuwa na watoto wetu?" Dada akasema, "Hakuna." Mama akatugeukia sisi, si yeye, akauliza tena, "Hakuna?"

Hatukuwa na jibu, na swali lile ndilo lililozaa mahubiri haya. Dada bado hajarudi kwenye korali. Anaketi mstari wa nyuma, karibu na mlango, nasi hatumharakishi. Juzi mama mchungaji alimwuliza hali yake, akasema amelala siku mbili mfululizo, na kwamba kuna mtoto aliyempoteza juma lililopita. "Nililia kidogo," akasema. Tulimshukuru Mungu kwa machozi yale.

Tuombe.

Baba wa mbinguni, utusamehe tuliowapiga waliochoka. Wakumbuke usiku wa leo wote walio peke yao katika wodi za Likasi. Uwape jiwe la kukalia, uwape ndugu wa kulia na wa kushoto. Walinde watoto walio chini ya mikono yao. Waguse wakubwa wenye kalamu na orodha mikononi, wakumbuke majina yaliyosahauliwa. Na sisi tulio kanisa lako, utupandishe kilimani tukaishike mikono hiyo mpaka jua litue. Katika jina la Yesu Kristo.

Amina. Mungu awabariki.